Ukuta wa Ghala la Tumbaku

Mjini Tabora nasifika kwa kukosa adabu. Sifa hiyo niliipata ningali msichana, na mpaka leo kichwa kimejaa mvi sijaipoteza. Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa michezo, ambaye kila asubuhi hukaa kwenye kiti cha mbao nje ya kibanda cha kinyozi, njia ya kwenda sokoni. Kinyozi namsalimu. Muuza karanga wa pembeni yake namsalimu. Hata yule kichaa wa stesheni anayejibu salamu kwa matusi namsalimu. Mzee yule nampita kama napita nguzo ya simu.

Watu wamenisema mpaka wamechoka. Mtu mzima yule, wanasema, mwalimu wako, mtu aliyekupandisha ndege wakati mji mzima haujui ndege inapandwa mlango upi! Ni kweli, alinipandisha ndege. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka, leo nitaisimulia mimi.

Tabora ni mji uliojengwa na watu waendao kwa miguu. Bibi yangu alijigamba kwamba baba yake alikwenda pwani na kurudi akiwa na mzigo begani, wala hakuwahi kumwona mtu wa maana akikimbia. Kwetu mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, ama ni mwizi ama ana habari za msiba. Sasa msichana akimbie, tena mtoto wa mtaa wa Gongoni aliyehitimu madrasa, tena kwa kaptura! Wanawake wa mtaani walikuwa wakiniona natoka uwanjani wanakunja nyuso kana kwamba wameona kinyaa. Mmoja alimwuliza mama yangu, nami nimesimama pale pale, kama nimeshapelekwa kwa mganga.

Baba alikuwa fundi makubadhi. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kupaka nta nyuzi zake za kushonea, na niliichukia kuliko kazi zote za dunia hii. Nta inanata vidoleni, uzi unakata ngozi, na benchi lenyewe lilikuwa upenuni, kiasi kwamba kila mpita njia alisimama kukuuliza unaolewa lini. Nilikuwa nakimbia ili niwe mbali na benchi lile. Sikuwa na sababu nyingine yoyote nzuri ya kuandikwa magazetini.

Mwalimu wa michezo ndiye aliyeniona. Wakati huo alikuwa kijana bado, mwenye kifua mbele na masharubu yaliyopunguzwa kwa mkasi. Alikuwa amepelekwa nje kwa kozi fupi, akarudi na filimbi ya chuma, saa ya kubonyeza, na tabia ya kuanza kila sentensi kwa maneno “kule nilikosoma”. Alikuja nyumbani na mjumbe wa nyumba kumi ili baba aogope. Baba alisikiliza habari za taifa na vijana na wajibu wa kila mwananchi, huku ameng'ata misumari midogo mdomoni, akigonga soli. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mwalimu aliuchukua ule ukimya akaondoka nao kama ruhusa.

Adui yangu alitoka Bukene. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, Mkatoliki, mtoto wa wakulima, mrefu, mkavu, na mwenye mdomo. Tulichukiana tangu siku ya kwanza kwa sababu siku ya kwanza alinipita. Alinipita kwenye uwanja wa shule, akaja akanipita kwenye mashindano ya wilaya, na kila akinipita aligeuza shingo kunitazama. Angenipita bila kugeuka, labda tungepatana. Nilimwita mchunga mbuzi. Yeye alisema nanukia ubani kama maiti. Watu walidhani ni utani wa kawaida wa watu wa huku, wakacheka. Haukuwa utani hata kidogo.

Ndipo ukaja mwaliko. Ulitoka nchi moja ya Ulaya ambayo miaka ile ya Ujamaa tulifundishwa kuiita nchi rafiki. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya riadha, na kwa kuwa kwao yalikuwa majira ya baridi, yangefanyika ndani ya jumba, chini ya paa. Wakubwa wa michezo walitoa nafasi moja ya msichana wa mbio fupi, mita sitini, na wakaupa mkoa wetu, kwa kuwa sisi wawili ndio tuliokuwa tukitajwa. Mwalimu alituita tukasimama mbele yake, akatueleza bila kuficha. Atakayekwenda akafika fainali atachukuliwa kambi ya taifa Dar es Salaam. Atapewa kazi kwenye shirika la umma, atakula, atalala na kukimbia. Asiyefika fainali atarudi alikotoka.

Kwangu mimi, nilikotoka ni benchi. Usiku na mchana nikawa naiona fainali ile kama mlango wa nyumba unaotaka kufungwa. Yule wa Bukene yeye huko alikotoka kuna nini, sikuuliza, na wala sikutaka kujua.

Sasa sikilizeni akili ya mwalimu. Mbio ni za ndani, akasema, kwa hiyo mazoezi ni ya ndani. Nasi Tabora ukumbi wa kukimbilia tutautoa wapi? Akaenda stesheni, akazungumza na msimamizi wa ghala moja la tumbaku, ghala refu la matofali lenye paa la bati, na siku iliyofuata akatuingiza humo kwa filimbi. “Wenzetu wana jumba, sisi tuna ghala,” akasema, amejishika kiuno. “Huku ndiko kujitegemea!” Wazee wa tawi la chama waliokuwepo walipiga makofi. Nakiri kwamba hata mimi nilipiga.

Ghala lile lilikuwa refu, lakini halikuwa refu vya kutosha. Mwalimu alipopima akaona mita sitini zinaingia kwa kubanwa. Mwenye kuanza aliegemeza kisigino kwenye ukuta wa huku, na mstari wa kumalizia, aliouchora kwa chaki, ulikuwa hatua mbili tu kutoka ukuta wa kule. “Limekaa kama lilijengwa kwa ajili yetu,” akasema. Mtoto wa chekechea angeuliza mkimbiaji akishavuka chaki anakwenda wapi. Mwalimu hakuuliza, na sisi tulikuwa watoto wa enzi ile, mwalimu hatukumwuliza.

Siku za kwanza ukuta ule haukutusumbua, kwa maana ulikuwa umeegemezewa marobota ya tumbaku mpaka juu. Ukifika unajitupa juu ya robota, linakupokea, vumbi linafumka, unapiga chafya mpaka machozi. Harufu yake ilinipanda kichwani nikawa natembea kama mlevi. Nilikuwa nikirudi nyumbani mama anavua nguo zangu na kuzianika nje ya ua, hataki ziingie ndani.

Yule wa Bukene alikuja mara moja tu. Alikimbia, akakohoa, akatoka nje, akamwambia mwalimu mbele yetu sote, “Mimi si robota, mwalimu. Nitakimbia barabarani.” Na kweli, kila alfajiri watu wa Ntalikwa waliokuwa wakileta mihogo mjini walimwona akikimbia pembeni ya barabara ya vumbi, peke yake, kaptura na mguu mtupu. Mwalimu alimchukia kuanzia hapo. Mimi nilifurahi. Nilijiona nimebaki na ghala lote.

Kisha msimu wa tumbaku ukaisha. Yakaja mabehewa, marobota yakapakiwa yakaenda zake pwani, na siku moja tukaingia ghalani tukakuta ukuta uko uchi. Matofali matupu, na chokaa iliyobanduka. Nilidhani mwalimu atasema basi, twende uwanjani. Akasema, “Haya, sasa mtajifunza kujizuia.” Akapuliza filimbi.

Siku ile nilijizuia kwa viganja. Ngozi ilichunika yote. Nilipofika nyumbani baba akaniona nashindwa kushika uzi, akaniuliza ni nini, nikamwambia.

“Mnakimbilia ukuta?” akauliza.

“Ndiyo, baba.”

“Na huyo mwalimu wako amesimama wapi?”

“Pembeni, na saa.”

 Baada ya sala ya isha baba alikaa na vipande vya ngozi ya ng'ombe, ile nene ya soli, akanishonea vikinga viwili vya viganja, vyenye ukanda wa kufungia kwenye kifundo. Ndani aliweka pamba. Vilikuwa vizuri kuliko makubadhi yoyote aliyowahi kuuza. Hiyo ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kusema jambo, na nilivivaa vikinga vile kwa fahari, nikaukimbilia navyo ukuta ule asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki. Mwili ukajifunza. Nikikaribia chaki kifua kinainuka chenyewe, hatua zinafupika zenyewe, mikono inakuja mbele yenyewe. Nikawa hodari wa kusimama kuliko msichana yeyote katika Tanganyika na Zanzibar.

Siku moja tulikutana bombani, mimi na yule wa Bukene, kila mtu na ndoo yake. Aliangalia vikinga nilivyovining'iniza shingoni kwa kamba.

“Vya nini hivyo?”

“Havikuhusu.”

“Wewe hufundishwi kukimbia,” akasema. “Unafundishwa kusimama.”

“Nenda Bukene ukawakimbize mbuzi wenu,” nikamjibu, “labda wao watakusikiliza.”

Akajitwisha ndoo yake akaondoka bila hata kuinua sauti. Nilimchukia zaidi kwa ile sauti yake isiyoinuka.

Siku ya kuchagua ikafika. Mwalimu alitangaza kwamba atachagua ghalani, kwa saa yake, mbele ya wazee wa tawi. Walikuja, wakakaa kwenye viti vilivyoletwa kutoka ofisini, na wanawake wa mtaani wakajazana mlangoni, wale wale wenye kukunja nyuso. Yule wa Bukene alikuja na mguu mtupu, vumbi mpaka magotini. Mjumbe mmoja aliuliza kama pale mwisho pasingewekwa hata magunia. Mwalimu akacheka. “Mkimbiaji wa kimataifa lazima amudu mwili wake,” akasema.

Filimbi ikalia. Mwanzoni tulikuwa sambamba, nilisikia pumzi yake kwenye sikio langu. Tulipofika katikati ya ghala alianza kunipita, bega kwanza, kisha mgongo wote. Halafu tukaikaribia chaki, na mimi mwili wangu ukafanya ulichofundishwa. Yeye hakufundishwa. Alikimbia kama mtu anayekimbia barabara ya Ntalikwa, ambako mbele kuna barabara nyingine tu. Alivuka chaki kwa kasi yake yote, na hatua mbili baadaye tukasikia mlio ambao mpaka leo nikisikia kuni kavu zikivunjwa naukumbuka.

Alivunjika mtulinga. Alikaa chini ya ukuta ule ameshika bega, mdomo umekauka, wala hakulia. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza hakunitazama mimi. Alimtazama mwalimu.

“Nimeshinda,” akasema.

Mwalimu akaiangalia saa yake, akawaangalia wazee, kisha akasema neno ambalo angelimeza angekuwa na haya. “Mkimbiaji asiyejua kusimama hafai kupelekwa nje.” Akanishika mkono wangu wenye kikinga akauinua juu. Wazee wakapiga makofi. Yule wa Bukene akapelekwa hospitali kwa baiskeli, amepakiwa nyuma, kichwa kimeegemea mgongo wa mwendeshaji.

Mtataka kujua kama nilimsikitikia. Sikumsikitikia. Usiku ule nililala usingizi mnono, nikaota nyumba ya ghorofa.

Basi nikapandishwa ndege. Sitaeleza safari, kila aliyewahi kusafiri ameshawachosha watu nayo. Nitaeleza jumba. Lilikuwa kubwa, lina joto, taa nyeupe darini kama mchana wa kiangazi, na harufu ya dawa ya kuchua misuli kila mahali. Njia ya kukimbilia ilikuwa ya mpira mwekundu. Wasichana wa mataifa mengine walikuwa wakijinyoosha na kucheka. Mmoja niliyemkuta chumba cha kuvalia aliitazama kaptura yangu aliyoshona mama, akamwambia mwenzake kitu, wakacheka. Sikujua lugha yao, lakini kicheko cha namna ile nilikuwa nakijua tangu Gongoni, nikamkata jicho mpaka akafunga mdomo.

Nilitoa vikinga vyangu nikaanza kuvifunga. Mwalimu akanidaka mkono.

“Unataka kutuaibisha? Watu watatuonaje?”

“Na ukutani?”

“Vua!” akasema, akaviingiza katika mfuko wa koti lake, akatazama huku na huku kama kuna mtu ameviona.

Nikaingia njiani na viganja vitupu. Ndipo nikatazama mwisho wa njia. Mstari mweupe wa kumalizia ulikuwa pale, na nyuma yake nafasi ya kutosha watu kucheza ngoma, na nyuma ya nafasi hiyo ukuta. Ukutani kulikuwa na kitu kinene cha buluu kilichoanzia chini mpaka juu ya kichwa cha mtu. Niliona wasichana wa kundi la kwanza wakimaliza mbio zao. Hawakupunguza chochote. Walipita mstari kwa nguvu zote, wakaenda wakajitupa kwenye kile kitu cha buluu, kikawameza na kuwatema, wakaanguka juu ya wenzao wakicheka. Yalikuwa magodoro. Wale watu walikuwa wameuvika ukuta magodoro!

Nilijiambia, umeona, usisimame. Nilijiambia kwa Kiswahili, nikajiambia na kwa Kinyamwezi cha bibi. Wawili wa kwanza kila kundi wanaendelea, na mwendo huo mpaka fainali. Bastola ikalia. Nilitoka vizuri, kama sijawahi kutoka. Nilikuwa mbele. Sisemi hivi kwa kujisifu, mwalimu mwenyewe alikiri baadaye, nilikuwa mbele ya wote mpaka mstari ule mweupe ukawa hapa, karibu, naweza kuutemea mate. Nikaona benchi linarudi nyuma, linapotea kabisa.

Kisha kifua kikainuka. Sikukiinua mimi. Hatua zikafupika, na mikono yangu miwili ikaja mbele, viganja wazi, kuudaka ukuta wa matofali uliokuwa Tabora, karibu na stesheni. Walinipita pande zote mbili. Nilivuka mstari nikiwa wa tatu, mikono iko hewani, nikasimama vizuri kabisa, hatua mbili baada ya chaki isiyokuwepo. Watu waliokaa karibu walicheka. Walidhani ninaomba.

Mwalimu alinikuta nimekaa sakafuni.

“Nini kile ulichofanya?”

“Ukuta,” nikasema.

Akanikazia macho. Nilimtazama vizuri usoni, kwa kuwa nilitaka kuona aibu ikiingia. Haikuingia. Alikuwa amesahau kweli.

“Ukuta gani?” akasema.

Kama angesema pole, leo ningekuwa namwamkia. Kama angesema tulikosea, ningemwamkia hata kwa magoti. Lakini aliniuliza ukuta gani, na pale sakafuni, viganja vyangu vikiwa vitupu na vikinga vya baba viko mfukoni mwake, moyo wangu ulifunga mlango na ufunguo ukatupwa. Njia nzima ya kurudi sikumwambia neno. Katika treni ya kutoka Dar es Salaam aliwasimulia abiria wa behewa letu namna baridi ya Ulaya inavyomshika mtu magoti, na namna binti wa Kiafrika anavyoweza kupigwa na bumbuwazi akiona weupe wengi mahali pamoja. Alipofika Dodoma alikuwa ameshaiamini hadithi yake mwenyewe.

Tabora walikuwa wametuandalia mapokezi. Mwenyekiti wa tawi, wazee wale wale, watoto wa shule na ngoma moja, na wanawake wenye majani ya miti mikononi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba hakuna cha kupokea. Baba hakuja. Mwalimu aliteremka kwanza, akainua mikono, akaanza kuhutubia palepale, neno la kwanza “baridi”. Mimi niliteremka mlango wa nyuma na begi langu.

Pale stesheni ya Tabora treni hukatwa, mabehewa mengine kwenda Kigoma na mengine Mwanza, na abiria wa Mwanza walikuwa wakingoja kupanda. Alikuwepo miongoni mwao. Yule wa Bukene, amekalia sanduku la bati, mkono umefungwa kwa kitambaa, bega moja limeshuka kama kanga iliyoning'inia vibaya kwenye kamba. Hakuja kunipokea. Alikuwa anarudi kwao. Baadaye nilisikia kwamba mfupa uliunga vibaya, mkono wa kuandikia ubaoni haukunyanyuka tena, na chuoni wakamwambia apumzike kwanza. Hakurudi tena chuoni, alibaki huko kwao.

Tulitazamana. Salamu haikuwepo kati yetu hata siku zile za afya yake.

“Ulifika fainali?” akauliza.

“Sikufika.”

Akauliza kwa sauti yake ileile isiyoinuka, “Ulisimama?”

Ni mtu huyu peke yake katika dunia nzima aliyejua cha kuniuliza. 

“Nilisimama,” nikasema.

“Kule mwisho kulikuwa na nini?”

“Magodoro. Wameweka magodoro ukutani.”

“Magodoro?” Alicheka kicheko kifupi kikamwumiza bega, akakunja uso, akalishika. “Mimi nisingesimama,” akasema.

 Neno lile lilikuwa kweli, na nililichukia kwa kuwa lilikuwa kweli, na nalichukia hivyo hivyo hata sasa ninapoandika.

Wakati huo mwenyekiti alikuwa ameniona, akaniita mbele. Nikaenda mpaka pale, watu wakanipisha. Mwalimu alikuwa amemaliza habari za baridi na anajifuta jasho. “Haya, binti yetu,” mwenyekiti akasema kwa sauti ya mkutano, “bahati haikuwa yako, lakini mpe mwalimu wako shikamoo yake hapa mbele ya watu, kwa kukutoa ghalani mpaka Ulaya.” Ngoma ikanyamaza. Mwalimu akasogea hatua moja, akaweka uso wa kupokea, mkono mmoja kifuani, mdomo tayari kwa marahaba.

Nilinyoosha mkono nikauingiza katika mfuko wa koti lake, nikatoa vikinga vya baba. Kisha nikageuka nikawapa mgongo wote, nikarudi mpaka kwenye lile sanduku la bati, mbele ya msichana wa umri wangu niliyekuwa nikimchukia kwa roho yangu yote, nikapiga goti kama ninavyompigia bibi yangu.

“Shikamoo,” nikasema, kwa sauti ya kusikika jukwaa zima.

Watu waliguna. Mwanamke mmoja alisema mtoto huyu Ulaya wamemrudisha na wazimu. Yule wa Bukene alinitazama kutoka juu, macho makavu, hana hata chembe ya upendo kwangu. Angeweza kucheka, nami ningestahili. Hakucheka.

“Marahaba,” akasema, kwa utulivu wa mtu mzima anayepokea kilicho chake. Akamwita mchukuzi amwinulie sanduku, akapanda behewa la Mwanza kwa mkono mmoja, na hakugeuza shingo kunitazama. Sijamwona tena.

Mimi nilirudi kwenye benchi. Baba aliviona vikinga, akavichukua, akavitundika kwenye msumari juu ya benchi, na akanipa uzi na donge la nta. Benchi lile ninalo mpaka leo, ni langu sasa, na kila asubuhi nalifunika naenda sokoni nikipitia kwa kinyozi. Yule mzee akinisikia naja hukaa sawa kwenye kiti chake, huweka mkono kifuani, na husema kwa sauti watu wasikie, “Binti, hata leo?”

Hata leo. Nampita, wala sipunguzi mwendo.